Msingoje Mei: jibu kwa binti wa Tanga anayeingia vuli yake ya kwanza Stockholm

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni binti wa Tanga, nina miaka 26. Niliolewa mwaka jana, na mwezi wa tatu nikamfuata mume wangu Stockholm. Majira ya joto yalikuwa matamu, kila jioni tulikuwa nje. Tangu Septemba iingie, mambo yamegeuka. Mume wangu anafanya kazi kwenye ghala la mizigo, anaingia saa nane mchana na kurudi saa tano usiku. Mimi nina darasa la Kiswidi siku nne kwa wiki, saa saba mchana hadi saa kumi. Usiku tunakesha na simu mpaka saa nane, tunaamka saa tano asubuhi, nje mvua, tunakula, anaondoka. Siku za mapumziko tunagombana kwa vitu vidogo visivyo na maana. Majirani wanatuambia tuvumilie tu hadi Mei. Ndiyo maisha ya huku? Watu wawili wasio na hela nyingi wafanye nini vuli hii isiwamalize? Majani yanavyopukutika, najisikia kama mji unakufa.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapana, siyo maisha ya huku, na hilo la kungoja hadi Mei ulitoe kichwani leo hii. Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi katika kituo cha afya hapa kwa zaidi ya miaka 20, na Jumamosi za vuli huwa nawapeleka wageni msituni. Kila mwaka, kuanzia Septemba, swali lako linaingia chumbani kwangu likiwa limevaa nguo nyingine: mgongo unauma, kichwa kinagonga, usingizi hauji, mume haongei. Nikiuliza mara mbili tatu, nakuta watu wawili waliofungiwa ndani na giza.

Nianze na jambo ambalo wewe umeliandika kama mkosi, nami naliona ni bahati yenu kubwa: hizo saa za kazi za mume wako.

Sisi tumelelewa na saa inayofuata jua. Kwetu ukisema saa kumi na mbili jioni umeshasema magharibi. Mwezi wa sita au wa kumi na mbili, tofauti ni ndogo, mwadhini hakupi mshangao. Ndiyo maana mwili wako hauna mazoea ya jua kuhamahama. Hapa Stockholm, tarehe 1 Septemba jua linazama karibu saa mbili usiku. Tarehe 1 Oktoba linazama kama saa kumi na mbili na nusu. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zinarudishwa nyuma saa moja, na kuanzia hapo jua linazama saa kumi na kidogo. Mwisho wa Novemba, saa tisa alasiri haijagonga, taa za barabarani zimeshawaka. Kila wiki ya Septemba na Oktoba inakula zaidi ya nusu saa ya mchana. Saa ya mkononi itakuambia ni mchana na macho yatakuambia ni usiku, na mwili unayaamini macho.

Sasa piga hesabu. Mkiamka saa tano, naye anatoka nyumbani kama saa saba kupanda treni, nawe umeshatangulia darasani, hampati hata saa mbili za mwanga pamoja, na hizo mnazitumia mkiwa jikoni. Mkiamka saa mbili asubuhi, mkawa nje saa tatu, mna saa tatu na zaidi kila siku, na ndizo saa zenye mwanga mzuri kuliko zote, hata Novemba. Hao majirani zako wanaofanya kazi za ofisini wanatoka gizani na kurudi gizani. Wao mchana wa katikati ya wiki wanauona dirishani. Nyinyi mmepewa asubuhi nzima, tena kila siku. Itunzeni kama posho ya wiki: mkiila kitandani, jioni hamna kitu.

Kuhamisha usingizi si kazi ya siku moja. Msijaribu kuruka kutoka saa tano hadi saa mbili kesho, mtachoka na kuacha. Punguzeni nusu saa kila baada ya siku tatu. Akirudi saa tano usiku apate chakula chepesi, simu zikae sebuleni, taa kubwa zizimwe, na ifikapo saa saba usiku muwe mmelala. Asubuhi tokeni nje kabla ya kazi yoyote ya ndani, hata kama ni kuzunguka mtaa tu mkiwa na chai kwenye chupa. Mwanga wa asubuhi ukiingia machoni ndio unaouambia mwili siku imeanza, na mwili huanza kuhesabu kuanzia hapo saa ya kulala. Usiseme “leo kuna mawingu, hakuna faida.” Siku ya mawingu mazito, mwanga wa nje bado unauzidi ule wa sebuleni mara nyingi sana. Wapo wanaonunua taa maalumu za mwanga mkali. Sizikatazi, lakini kwa watu wenye asubuhi huru kama nyinyi ningeanza na viatu.

Na kweli viatu ni jambo zito. Waswidi wana msemo kwamba hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu. Wageni huuchukia, lakini ndani yake mna ukweli. Jinzi na fulana ya pamba zikilowa zinakunyonya joto mpaka mifupani. Nunueni nguo za ndani za sufu, koti lisilopitisha maji, na buti za mpira zenye nafasi ya soksi nene. Hayo yote yapo kwenye maduka ya mitumba, na huku mitumba haimvunjii mtu heshima, hata daktari wangu anavaa koti la mtumba. Kisha kila mmoja awe na kiakisi mwanga, kile kinachoning'inia kwenye koti na kung'aa kikipigwa na taa. Dereva mwenye taa za chini anamwona mtu mwenye nguo nyeusi akiwa umbali wa mita 20 au 30 tu. Mwenye kiakisi anaonekana kutoka zaidi ya mita 100. Mumeo anarudi saa tano usiku, mfungie viwili, kimoja kila upande.

Haya, mkishatoka mnaenda wapi? Hapa moyo wangu unapachangamkia, kwa hiyo nivumilie.

Nchi hii ina haki inaitwa allemansrätten, haki ya kila mtu. Tangu 1994 imetajwa ndani ya katiba yao. Maana yake ni kwamba wewe binti wa Tanga, bila kibali na bila kiingilio, unaweza kuingia msitu wa mtu, ukatembea, ukapumzika, ukachuma matunda ya mwituni na uyoga ukaenda navyo kwako. Usikaribie nyumba ya mtu, usikanyage mazao, usikate mti wala tawi, usiache taka. Wenyewe wanasema: usisumbue, usiharibu. Mimi nilipoelezwa mara ya kwanza sikuamini. Kwetu Tabora msitu una mwenyewe, au una mlinzi. Nilitembea mwezi mzima nikigeuka nyuma kuona kama kuna anayenifuata.

Stockholm imezungukwa na misitu. Kutoka kituo cha Slussen, katikati ya jiji, kuna basi la kwenda Hellasgården, ziwani, ndani ya msitu wa Nacka. Hamtamaliza hata nusu saa. Mkiwa na siku nzima, pandeni treni hadi Handen kisha basi hadi Tyresta, hifadhi ya taifa kama kilomita 20 kusini ya jiji. Mle mna misonobari ya miaka mamia, na mna sehemu iliyoungua Agosti 1999, hekta zaidi ya 400, ambako mtaona jinsi msitu unavyojirudisha wenyewe. Hifadhi nyingine zina masharti yake, someni kibao cha mlangoni. Tyresta wanaruhusu kuchuma matunda na uyoga wa kuliwa.

Septemba mtafute lingon, vitunda vyekundu vidogo vyenye ukali, vinaota chini kabisa kwenye vichaka vya majani yanayong'aa. Hamhitaji kupika: kilo moja ya lingon, nusu kilo ya sukari, mnakoroga na mwiko mpaka sukari iyeyuke, mnatia kwenye chupa safi. Tunda lenyewe lina asidi inayolizuia lisioze, ndiyo maana bibi za huku walikaa nalo msimu mzima wa baridi. Wao hula na nyama ya kusaga. Mimi naliweka pembeni ya pilau, na nakuhakikishia: mtu aliyezoea ukwaju halimshindi.

Uyoga sasa. Hapa nitakaa, kwa sababu unaweza kuwapa vuli yenye furaha kuliko zote, na unaweza kuwaua.

Mimi nimekulia kwenye miombo. Mvua za kwanza zikinyesha tulikuwa tunakwenda na bibi kuchuma uyoga, na nilijiona najua. Vuli yangu ya kwanza huku nilikuta msituni uyoga mweupe, mrefu, mzuri, umesimama peke yake. Moyo ukanidunda: uyoga wa kichuguu! Nikachuma minne. Kwenye ngazi za jengo letu nikakutana na mama mmoja mzee wa ghorofa ya pili. Alitazama kikapu, akakichukua mikononi mwangu bila kuomba, akakimwaga chini. Nilikasirika, nikadhani ni dharau. Akaokota mmoja, akaugeuza, akanionyesha mwisho wa shina. Uyoga wetu wa kichuguu una mzizi mrefu unaoingia chini hadi kwa mchwa. Ule alioushika ulikuwa umekaa ndani ya kifuko cheupe, kama yai lililopasuka ganda. Aliugusa kwa kidole, akaweka kidole kwenye ini lake, akatikisa kichwa. Sikuwa na Kiswidi cha kumwelewa, lakini nilielewa.

Ule ni vit flugsvamp. Ukiliwa leo mchana, tumbo linaanza kuuma usiku au kesho, kisha unapata nafuu, unajiona umepona, kumbe ini linakufa. Sumu yake haitoki kwa kupika wala kwa kukausha. Kwa hiyo sheria ya kwanza, na naomba uiandike ukutani: ujuzi wa uyoga hausafiri na ndege. Mnaojua kwenu ndio mko hatarini kuliko wasiojua kabisa. Uyoga mweupe wote uachieni msitu.

Jifunzeni aina moja tu mwaka huu. Mimi ningewachagulia trattkantarell, kwa sababu ndio wa vuli hasa: unaanza Septemba na kuendelea hadi Novemba, baridi za mwanzo haziuogopeshi. Unaota kwenye misonobari yenye kivuli, juu ya lile zulia laini la kijani linalofunika mawe, na hauoti mmoja. Macho yanatazama hayaoni kitu, majani makavu matupu. Kisha unauona mmoja, unachuchumaa, na ghafla unagundua umezungukwa na mia. Hapo ndipo wanandoa niliowapeleka msituni huwa wanapiga kelele kama watoto.

Utazame hivi. Kofia ni ya kahawia, katikati imebonyea kama faneli. Ukikata shina, ni la manjano na ndani ni tupu kama mrija. Geuza kofia: chini hakuna kurasa zilizopangwa kama za kitabu, kuna mikunjo, mithili ya mishipa, iliyogawanyika na kuteremka hadi kwenye shina. Vyote vitatu lazima viwepo: bonde juu, mrija katikati, mikunjo chini. Mahali palepale, kwenye zulia lilelile, huota uyoga mwingine unaoitwa toppig giftspindling. Huo una rangi ya kahawia yenye wekundu wa kutu, kofia yake imechongoka juu kama chuchu, shina limejaa, na chini una kurasa za kweli zilizoachana. Unaharibu figo, na dalili zinaweza kukaa siku kadhaa, hata zaidi ya wiki, bila kujitokeza. Kwa hiyo msikombe uyoga kwa kiganja kizima. Mmoja mmoja, ugeuze, ukate, utie kikapuni. Mmoja wenu achume, mwingine akague, na mwenye shaka ndiye anayeshinda, hata kama kikapu kitarudi kitupu. Mara ya kwanza nendeni na mtu anayeujua, na vikapu vikaguliwe kabla ya kufika jikoni. Ikitokea mtu amekula na kuna wasiwasi wowote, piga 112 papo hapo, usingoje tumbo liume, na mabaki usiyatupe.

Nyumbani, utandazeni kwenye kikaango kikavu bila mafuta. Utatoa maji mengi, uache mpaka yakauke na uanze kulia kidogo kwenye chuma. Hapo ndipo siagi, kitunguu na chumvi. Mimi huongeza tui zito la nazi la kopo na pilipili manga, tunakula na ugali. Mkipata mwingi, tandazeni kwenye gazeti karibu na kipasha joto. Baada ya siku chache unakauka kabisa, na Januari mkifungua chupa nyumba inanukia Oktoba.

Mambo machache ya usalama, haraka. Kupe wa huku wanaambukiza maradhi, na wanakuwepo hadi baridi iingie kweli. Suruali ndani ya soksi, na jioni mkaguane mwili, nyuma ya magoti, kwapani, kwenye nywele. Ulizeni kituo chenu cha afya kuhusu chanjo ya TBE, homa ya ubongo inayoenezwa na kupe, kabla ya msimu ujao. Oktoba ni msimu wa kuwinda älg, kulungu mkubwa kama farasi, kwa hiyo vaeni kitu chekundu au cha machungwa, na mkikuta alama za wawindaji geukeni njia. Simu ijae chaji, mwambie mtu mnakwenda wapi, na mwanga ukibaki saa mbili, anzeni kurudi bila kujali kikapu kina nini. Tochi ya kichwani iwe mfukoni daima.

Umeniambia pia, mwishoni mwa barua yako, kwamba majani yanavyopukutika unajisikia kama mji unakufa. Naomba nikueleze kinachotokea, labda kitakusaidia kama kilivyonisaidia mimi. Mti haufi. Kabla jani halijaanguka, mti unavunjavunja ile kijani yake, unanyonya virutubisho na kuvirudisha kwenye matawi na mizizi, unaweka akiba. Manjano unayoiona ilikuwepo humo ndani siku zote, imefunikwa na kijani. Na sisi watu wa miombo tuna kisa chetu: kwetu, karibu na Septemba na Oktoba, mvua hazijanyesha, miti inatoa majani mapya na majani hayo huzaliwa mekundu. Msitu mzima unawaka wekundu wa kuzaliwa. Nilipoona wekundu wa huku, wa kuanguka, niliutazama muda mrefu. Hata neno lenyewe, vuli, kwenu Tanga ni mvua ya kupandia. Huku ni wakati wa kukusanya. Neno moja, kazi mbili.

Siku ambazo mvua haiachi, msilazimishe msitu. Wewe ni mtu wa bahari, naamini unaikosa. Pale Slussen kuna kivuko cha kwenda kisiwa cha Djurgården, na kadi ileile ya treni inakupitisha. Safari ni ya dakika chache, lakini utasimama mbele, upepo wa maji usoni. Mkiteremka, tembeeni hadi Rosendal kwenye bustani ya matufaha, njiani mtapita chini ya mialoni mikubwa itakayokukumbusha mbuyu wa shuleni kwenu. Rudini na kivuko tena. Asubuhi moja imeisha, na nauli mlishalipa mwanzo wa mwezi.

Tarehe 4 Oktoba Waswidi wanasherehekea siku ya andazi la mdalasini. Nakwambia, hili ni andazi la ndugu zetu. Unga wao wanautia iliki! Harufu ya ule unga ikiumuka ni harufu ya jikoni kwa mama yako alfajiri ya Idi. Iliki ile unayoijua inashuka kutoka Amani na milima ya Usambara kuja soko la Tanga. Huku ukimwambia mtu kwamba umekulia karibu na mashamba ya iliki, anakutazama kama umetoka peponi. Pikeni mandazi siku hiyo, mpeleke sahani kwa jirani wa mlango wa pili. Waswidi hawabishi hodi kwako, ni kweli. Lakini sijawahi kuona aliyebishiwa hodi na sahani ya mandazi ya moto akafunga mlango.

Kuhusu ugomvi. Umesema ni wa vitu vidogo, nami nakuamini. Watu wawili waliokuwa na shangazi, wajomba, barza na wapita njia, ghafla kila mmoja ndiye shangazi na barza ya mwenzake, ndani ya chumba kimoja na nusu. Hakuna ndoa inayoweza kubeba hayo peke yake. Nimeona mara nyingi kwamba maneno mazito yanatoka vizuri mkiwa mnatembea bega kwa bega, macho mbele, mikono ina kazi ya kuchuma. Mezani, uso kwa uso, yaleyale yanageuka shitaka. Pia gawaneni maamuzi: wiki hii ni wewe unayesema tunakwenda wapi, wiki ijayo ni yeye, na mwenye zamu habishiwi. Akichagua kwenda kutazama treni za mizigo, mnakwenda kutazama treni za mizigo. Na kama anatuma pesa kwao na hilo linamnyima usingizi, muulize msituni, si saa saba usiku.

Mwilini: kuanzia Oktoba hadi Machi jua la huku liko chini mno, ngozi haiwezi kutengeneza vitamini D hata ukikaa nje siku nzima, na ngozi zetu nyeusi, tena za wewe unayejistiri, zinahitaji jua zaidi. Mamlaka ya chakula hapa inashauri maikrogramu 10 kwa siku kwa watu wanaojifunika au wasiopata jua la kutosha. Vidonge vipo duka lolote la dawa, bei ndogo. Kuleni na samaki wa mafuta: makrill wa kukaanga atakukumbusha samaki wa nyumbani. Maziwa ya huku pia yametiwa vitamini hiyo.

Sasa nisikilize kama muuguzi. Kuchoka na kupenda kulala ni kawaida ya msimu. Lakini ikipita wiki mbili mmoja wenu hana hamu ya chakula wala ya mwenzake, analia bila sababu, hawezi kutoka kitandani, au anasema afadhali asingekuwepo, hiyo si vuli na haitibiwi na uyoga. Pigeni 1177 mpate ushauri wa muuguzi, au mwende kituo cha afya mwombe mkalimani wa Kiswahili, ni haki yenu. Mtu akiwa katika hatari ya kujidhuru, ni 112.

Saa zitakaporudishwa nyuma, kumbuka kwamba nyumbani sasa wako mbele yenu kwa saa mbili, si moja tena. Mama yako akizoea simu yako baada ya isha, isogezeni, asije akakaa na simu mkononi akidhani umemsahau.

Na Jumamosi moja, ile inayoangukia kati ya tarehe 31 Oktoba na 6 Novemba, badilisheni mpango wa kulala mapema. Mwombe mumeo aitafutie ruhusa siku hiyo mapema kama ana zamu. Jioni, giza likishashika, pandeni treni ya njia ya kijani hadi kituo cha Skogskyrkogården. Ni makaburi ndani ya misonobari, makubwa mno, yako kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1994. Siku hiyo watu wa Stockholm wanakuja kuwawashia taa marehemu wao, familia nzima, watoto, wazee na mikongojo, kila mmoja na mshumaa wake kwenye kikombe. Hakuna kelele. Msitu wote unakuwa na vimuli chini, maelfu, mpaka juu ya kilima. Ndipo nilipowaelewa watu hawa, kwamba nao wanazuru makaburi, nao hawaendi mikono mitupu. Kuna mahali palipotengwa kwa wale ambao wafu wao wamelala mbali. Mtaona mishumaa imejaa pamoja. Nendeni na ya kwenu miwili. Kiberiti kikae mfuko wa ndani wa koti, la sivyo kitalowa.